Ndago ya Kivulini

Mkulima wa kisiwa cha Mafia alisikiapo jina la ndago hukunja uso, naye ana haki, kwani ile ya shambani, yenye viazi vidogo chini ya ardhi, hukatwa kwa jembe ikachipua tena. Walakini jamii hiyo ya mimea, ambayo aghalabu shina lake lina pembe tatu, inazo pia aina za kivulini, ziotazo kwa mafungu yasiyotambaa, zilizozoea misitu ya pwani kama ule wa Mlola kisiwani humo. Hizo, zikigawanywa na kupandwa mwanzoni mwa masika chini ya miembe, mahali ambapo nyasi za jua hunyong'onyea, huushika mchanga pasi na kufyekwa kila mara. Zimwagilie hadi zishike mizizi. Lakini tafadhali, msitu wa hifadhi usiuchimbe, omba fungu kwa jirani.