Nyatiti itufundishe kuusoma muziki wa piano

Kuna dhana iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba muziki wa piano ni wa watoto wa matajiri wa Nairobi, na kwamba mwana wa mvuvi wa Muhuru, kule Nyatike karibu na mpaka wa Tanzania, hana lake humo. Akithubutu kulichagua somo la Muziki katika shule ya upili, aghalabu huishia kukariri maelezo ya tungo ambazo sikio lake halijapata kuzisikia.

Hasara iliyoje! Mtihani wa KCSE humtaka mtahiniwa atumbuize, asikilize na achambue. Mambo hayo matatu ni mlo mmoja. Kuyatenganisha ni sawa na kula ugali leo na samaki kesho.

Natuchukue mfano mmoja. Katika karne ya 19, enzi ambayo wahakiki huiita ya Ulimbwende, watunzi wa Ulaya walipenda kuandika vipande vifupi vya piano, kila kimoja kikichora hali moja tu ya moyo. Mnamo 1839, Frederic Chopin, mzaliwa wa Poland, alichapisha vipande 24 vya namna hiyo alivyoviita prelyudi. Cha nne kina vipimo 25 tu vya mapigo. Lakini usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Chopin alipozikwa jijini Paris mwaka 1849, kipande hicho kilipigwa kwa kinanda cha kanisa.

Kwa nini kilifaa matanga? Hapa ndipo uchambuzi unapoanza. Mkono wa kulia hausemi mengi: unashika sauti moja, unagusa ya jirani, kisha unairudia ile ya kwanza, mithili ya mtu anayekwikwi kwa kilio. Chini yake, mkono wa kushoto unarudia mafungu ya sauti bila kukoma, nayo yanateremka polepole kwa hatua ndogo kuliko zote za kinanda. Huzuni haimo katika wimbo wa juu. Imo katika ardhi inayodidimia chini yake.

Sasa msomaji na aniambie: ni nani aliye tayari kulielewa jambo hilo kuliko kijana aliyelelewa katika nchi ya Waluo? Mpiga nyatiti huketi na ala yake ya nyuzi nane, nne za mkono huu na nne za mkono ule, pete ya chuma kidoleni mwa mguu ikigonga ubao na njuga zikilia. Nyuzi hurudia mwendo wao, na juu yake sauti ya mwimbaji humsifu marehemu na kuwaliwaza wafiwa. Kijana huyo anajua tangu utotoni kwamba marudio si uvivu, bali ni njia ya kuutuliza moyo ili neno lipenye.

Ujuzi huo ndio unaofundisha pia namna ya kutumbuiza. Wimbo wa Chopin huanza upya katikati kama ulivyoanza mwanzo, na mara hii tu ndipo hupanda kwa kishindo, kisha ukazimika. Baadaye huja kimya, halafu mafungu matatu ya mwisho, laini mno. Anayepiga kwa nguvu tangu mwanzo hana pa kupanda, na anayekihesabu kile kimya kwa haraka hukivunja kilio. Mpiga nyatiti mzoefu, vivyo hivyo, hayamalizi maneno yake yote mlangoni.

Watakuwapo watakaosema kwamba ya wageni tuwaachie wageni, na nyatiti yatutosha. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, nami nakubali. Hata hivyo, Edvard Grieg wa Norway hakuuacha mbacha wake. Mwaka 1901 nyimbo za ngoma za mpiga fidla wa kijijini, Knut Dahle, ziliandikwa na mwanamuziki Johan Halvorsen. Grieg akazitungia piano, ngoma 17, zikachapishwa mwaka 1903. Piano haikuiua fidla ile, iliipeleka mbali. Nani ajuaye ni mwana yupi wa Muhuru atakayeitendea nyatiti vivyo hivyo?

Kwa hiyo, rai yangu kwa walimu na wakuu wa shule ni hii. Msingoje piano ifike. Mwalikeni mpiga nyatiti darasani kwanza, wanafunzi wasikilize na waimbe alichokirudia na alichokibadilisha. Kisha wasikilizeni Chopin kwa simu au redio ya kanda, mkiuliza maswali yale yale. Karatasi yenye noti ije mwisho, ikithibitisha kile ambacho sikio limekwisha kukijua.

Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo hatalazimika kukariri neno huzuni. Atalionyesha lilipo.