Ufundi unamtoa mtu ku shimo, deni inamrudisha

Hapa Goma tunasikia sana habari ya watu kuokolewa. Mtoto ametoka ku kikundi cha silaha. Msichana ametolewa ku nganda ya karieri. Kijana ameacha shimo ambamo alitumika miezi na miezi bila kuona hata franka moja. Tunafurahi, tunamshukuru Mungu. Na kiisha? Kesho yake asubuhi huyo mtu anaamka, njaa inamuma, na hajui atafanya nini. Makala hii ni juu ya asubuhi hiyo. Inazungumza juu ya vituo vinavyowafundisha kazi watu waliouzwa ao waliotumikishwa kwa nguvu. Inazungumza pia juu ya kitu ambacho vituo vingi vinasahau, lakini sisi watu wa machimbo tunakijua vizuri: deni.

Hapana lazima kuvuka mpaka

Mtu akisema "biashara ya watu", wengi wetu tunawaza wasichana wanaopandishwa ndege kwenda Uarabuni kufanya kazi ya nyumbani. Hiyo iko. Lakini mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000, yale yanaitwa Protokole ya Palermo, hayasemi kwamba sherti mtu avuke mpaka. Yanaangalia mambo matatu: mtu amechukuliwa, amepelekwa ao amepokelewa, amepatwa kwa nguvu, kwa uongo ao kwa kutumia shida yake, na shabaha ni kumnyonya, kwa kazi ao kwa ngono. Akiwa mtoto wa chini ya miaka 18, hata kama alisema "ndiyo, ninakubali", kukubali kwake hakuhesabiwe. Inchi yetu iliingiza kosa hilo wazi katika sheria za azabu kwa sheria nambari 22/067 ya tarehe 26 Desemba 2022.

Sasa tuangalie hapa kwetu. Mlango wa kwanza ni silaha: watoto wanaochukuliwa kubeba mizigo, kupika, kulinda barabara, kupigana, tunaowaita makadogo. Wasichana wanachukuliwa pia, na mara nyingi wanafanywa "wake" wa wapiganaji. Serikali ilitia sahihi na Umoja wa Mataifa mpango wa kumaliza jambo hilo katika jeshi lake mwezi wa 10 mwaka 2012. Lakini vikundi vya silaha havijaacha kuandika watoto.

Mlango wa pili ni ahadi. Mtu anafika mu kijiji, anamwambia mama: "Kuko kazi ku resto, mtoto wako atakula, atalala, na franka utaona." Msichana anapanda lori, anafika ku karieri. Resto ni nganda, na kazi ni ingine kabisa. Chakula alichokula njiani na nguo aliyopewa vinaandikwa juu yake. Mbele ya kulipwa, anadaiwa.

Mlango wa tatu ndio wetu. Kijana anafika ku karieri mikono mitupu. PDG wa shimo ao mnunuzi wa mawe anamkopesha mtarimbo, toshi, bugali, na dawa akigonjwa. Bei haisemwe. Mawe yakitoka, yanapimwa na mizani ya yule yule mwenye kukopesha, kwa bei anayoipanga mwenyewe. Kila mwisho wa mwezi deni inabaki pale pale ao inapanda. Siku kijana anasema anarudi nyumbani, anaambiwa: "Weye, deni yako haiyaisha, unaenda wapi?" Juu ya hiyo, pahali pengine kuna salongo. Wakubwa wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya bure ya pamoja. Watu wenye silaha walichukua jina hilo na kuwachimbisha watu mawe ya bure, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika jambo hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka 2013 shirika la Free the Slaves lilitoa ripoti juu ya machimbo ya Kivu ya Kusini. Lilikuta kazi ya nguvu, watu waliofungwa na deni, watoto ndani ya mashimo, na wasichana wanaonyonywa kwa ngono. Mtu wa Masisi ao wa Walikale akisoma hiyo ripoti hatashangaa. Ndiyo sababu nasema: hawa tunaowaita "waliookolewa" si watu wa mbali. Ni watoto wetu, na wengine walitumika pembeni yetu.

Vituo tunavyovijua

Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa Don Bosco Ngangi ni nini. Wasalesiani wa Ngangi wamepokea mayibobo wa mji, watoto waliopoteza wazazi katika vita na watoto waliotoka mu silaha, wakawafundisha useremala, ujenzi, kuchoma chuma, kushona. CAJED, hapa hapa Goma, wamekuwa na kituo cha kupitia: mtoto anayetoka ku kikundi cha silaha anabaki pale kwa muda wakati familia yake inatafutwa, na anasaidiwa kurudi masomoni ao kujifunza kazi. HEAL Africa tunaijua kama hospitali, lakini wanawake waliotendewa mabaya walijifunza pale kushona wakati walikuwa wakingojea kupasuliwa ao kupona.

Bukavu iko Cité de la Joie, iliyofunguliwa mwezi wa pili mwaka 2011. Inapokea wanawake kama 90 kwa mara moja, wanakaa miezi 6. Hawaanzi na cherahani. Wanaanza na kuzungumza, kusoma, kujua haki zao, kujilinda. Kiisha kazi ya mikono na ulimaji. Mimi naona utaratibu huo uko na maana. Mtu aliyepigwa miaka miwili akiona kundo la watu anatetemeka. Ukimweka mbele ya mashini siku ya kwanza, mkono unafanya kazi lakini kichwa hakipo.

Kwa hiyo, hapana kusema kwamba hapa hakuna kitu. Kiko, na kuna watu waliokipigania katikati ya vita na volkano. Shida inakuja kisha cheti.

Cheti mkononi, mfuko mtupu

Shida ya kwanza: kila mtu anafundisha kushona. Tembea Birere, tembea Majengo, uhesabu vyerahani barabarani. Kiisha uende soko la Virunga uone nguo za mitumba zinavyofunguliwa kutoka ku balo na bei zake. Fundi mpya asiye na wateja atashindana namna gani? Kushona ni kazi nzuri, lakini watu 30 wakitoka siku moja na kazi ile ile, ku kartie ile ile, wanakulana wenyewe kwa wenyewe.

Shida ya pili: vyombo. Seremala bila randa si seremala. Mchoma chuma bila mashini na bila umeme anaangalia tu. Programu zingine zinatoa vyombo siku ya kumaliza, zingine zinatoa karatasi tu. Na hata akipewa vyombo, sherti awe na kodi ya mwezi wa kwanza, mbao za kwanza, uzi wa kwanza. Asipokuwa nayo, anauza vyombo ili ale. Usimcheke. Na wewe ungefanya vile.

Shida ya tatu: mtoto. Wasichana wengi wanatoka ku nganda ao ku porini na mtoto mgongoni. Kama kituo hakina pahali pa kumwacha mtoto, mama anakosa siku mbili, tatu, halafu anaacha kabisa.

Shida ya ine ni wakati tunamoishi. Tangu vita ilifika mjini mwisho wa Januari 2025, mabanki zilifunga milango na uwanja wa ndege ulifungwa. Wakimbizi wa Bulengo na Lushagala waliondoka ku kambi na kurudi ku vijiji ambamo nyumba nyingi hazipo tena. Mwezi ule ule Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya inje, na mashirika mengi yaliyotegemea feza hiyo yalipunguza kazi. Mtu aliyejifunza ujenzi ataomba mkopo wapi?

Hapo ndipo anatokea yule mwenye shimo, na yeye hafunge milango kamwe. Anasema: "Njoo, nitakupa ya kuanzia." Kijana anarudi. Watu wanasema amezoea, ni mvivu, hapendi kazi ya mjini. Si kweli. Amerudi kwa sababu mtu pekee aliyekubali kumkopesha ni yule yule aliyemfunga.

Wengine walijaribu namna gani

Tuangalie Liberia, inchi iliyotoka vitani kama sisi. Huko wapiganaji wa zamani walikuwa wakichimba bila ruhusa na kukaa ku misitu. Programu moja iliwaweka ku kituo kwa miezi michache, ikawafundisha kulima, kiisha ikawapa vyombo na mbegu. Watafiti wawili, Christopher Blattman na Jeannie Annan, waliwafuata zaidi ya mwaka mmoja na kuwalinganisha na wengine ambao hawakuingia. Waliojifunza hawakuacha kabisa uchimbaji, lakini saa walizotumia ku kazi zisizo halali zilipunguka kama asilimia 20. Na iko jambo la kushika zaidi: wale waliokuwa bado wanangojea sehemu ingine ya vyombo ndio walijitenga zaidi na kazi ya kubeba bunduki kwa malipo. Maana yake, mtu akijua kwamba kuko kitu kinakuja mbele, anajilinda. Ukimpa vyote siku moja na kumwambia kwaheri, umemwacha peke yake.

Gulu, kaskazini ya Uganda, Sista Rosemary Nyirumbe aliwapokea wasichana waliotoroka jeshi la Joseph Kony. Wengi walirudi na watoto, na jamaa zao ziliwakataa. Yeye alifungua masomo ya kushona ku Sainte Monica na akasema: njooni na watoto wenu. Mtoto yuko na pahali pake, mama yuko ku cherahani. Baadaye wakaanza kutengeneza mifuko kwa vile vifunguo vya makopo ya vinywaji, na ikauzwa mpaka inchi za mbali. Angalia: kushona ni kule kule, lakini hawakushindana na nguo za mitumba. Walitafuta mnunuzi mwingine.

Kazi ambayo mikono inaijua

Sisi wa sendika tuko na wazo moja la kuongeza. Mara nyingi kijana anayetoka ku shimo anafundishwa kana kwamba hajui kitu. Lakini anajua jiwe. Anajua namna linapasuka na namna linabeba uzito. Anajua kusimamisha miti ndani ya shimo ili udongo usianguke. Sasa Goma imejengwa juu ya nini? Juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, ile ya 2021 ikafika karibu na uwanja wa ndege, na kila mara watu wamejenga tena juu yake na mawe yake yenyewe. Fundi wa kuchonga na kupanga mawe ya volkano anatafutwa hapa kila siku. Vile vile useremala: nyumba ngapi za mbao, chukudu ngapi zinazohitaji kutengenezwa? Na mwenye kuchoma chuma, pikipiki za mji zinatosha kumlisha.

Kumfundisha mtu kwa kuanzia na kile mikono yake inakijua kunapunguza muda wa masomo, na kunamrudishia heshima. Haambiwi tena "maskini aliyeokolewa". Anaitwa fundi.

Sisi tufanye nini?

Ndugu mchimbaji, mama wa karieri, hatuwezi kungoja mashirika tu. Kuko mambo matano yaliyo mikononi mwetu.

Moja: deni iandikwe. Ukikopa mtarimbo ao chakula, bei iandikwe siku ile ile, mbele ya mtu wa tatu, na wewe ubaki na karatasi yako. Mifuko ya koltani na kasiterite ilivalishwa tagi ili mnunuzi wa ngambo ajue jiwe limetoka wapi. Tagi hiyo haisemi kama aliyelichimba alikuwa na deni isiyoisha. Kooperative zetu zianze kuuliza swali hilo.

Mbili: mtoto asishuke. Sheria ya migodi inaruhusu uchimbaji wa mikono kwa Mkongomani mwenye umri mkubwa tu. Inchi yetu ilitia sahihi mapatano nambari 182 ya Shirika la Kazi la Kimataifa mwaka 2001, yanayokataza kazi mbaya kabisa za watoto. Nambari 29, juu ya kazi ya nguvu, ilitiwa sahihi tangu 1960, mwaka wa uhuru. Unapomwona mtoto anaosha mawe, usiseme "ni shida ya mama yake".

Tatu: wenye atelie wapokee. Kila fundi wa Katindo, Ndosho ao Kyeshero akichukua mmoja tu aliyemaliza masomo, akamkalisha pembeni yake kwa muda, huyo anapata wateja, anajifunza kupanga bei. Kituo hakiwezi kumfundisha hiyo.

Ine: AVEC na likirimba zetu ziwafungulie mlango. Mtu aliyetoka ku nganda akiweka akiba yake kidogo kila juma pamoja na wamama wengine, siku moja atakopa kwao kwa riba inayojulikana. Hiyo ndiyo silaha ya kwanza juu ya PDG. Mabanki zikifungwa, mfuko wa wamama haufungwe.

Tano: tuwaulize wenye programu. Kila wanapokuja kwetu kuhesabu vijana, tuulize: vyombo vinatolewa lini? Vinakuja kwa sehemu ngapi? Mtoto wa mwanafunzi atabaki wapi? Nani atamtembelea kisha miezi 6? Wasipokuwa na jibu, tuwaambie wapange tena mbele ya kuandika majina.

Na jambo la mwisho, lisilohitaji feza. Akirudi nyumbani, usimwite kadogo, usimwite ndumba. Mwite kwa kazi yake: fundi mawe, fundi cherahani, seremala. Watu wa kartie wakimjua kwa jina hilo, watamletea kazi, na yule wa shimo akija na mkopo wake atasikia kwamba huyu ana wateja wanamngojea.