Je, Wajua? Jiwe Linalokua Bafuni Mwako

Shawa ya umeme ikianza kupiga chafya, ikirusha vijito vitatu mbele na kimoja ukutani, wenye nyumba husema imeshikwa na chumvi. Mara nyingi si chumvi hata kidogo.

Je, wajua kwamba ukoko mweupe unaoziba matundu ya shawa ni kalsiamu kabonati, yaani jiwe la chokaa lenyewe? Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye ganda la yai, kombe la pwani na matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe wa Unguja. Tia punje yake ndani ya glasi ya maji ukoroge. Chumvi ingeyeyuka mara moja. Ukoko huu utaukoroga hadi jioni na utaukuta palepale.

Je, wajua jiwe hilo limeingiaje ndani ya bomba bila kuonekana? Mvua huchukua kaboni dayoksaidi hewani, na nyingine nyingi zaidi udongoni, ikawa asidi hafifu. Ikipenya kwenye mawe ya chokaa huyala kidogokidogo na kuondoka nayo yakiwa yameyeyuka. Ndiyo maana maji ya kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe huweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa maji magumu, yaani yenye chokaa iliyoyeyuka.

Je, wajua kwamba Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, ni kazi ya maji hayohayo? Yalikula mwamba yakaacha kumbi. Kisha tone linaloning'inia darini hupoteza gesi yake na kuacha chembe ya jiwe, na chembe juu ya chembe hufanya nguzo. Pango huhitaji maelfu ya miaka. Shawa yako hujenga kwa miezi, kwa sababu ina moto.

Kwa nini moto? Sukari hupenda maji moto. Chokaa ni kinyume chake. Maji yakipashwa, gesi iliyokuwa imelishikilia jiwe hutoroka, na jiwe likibaki peke yake huanguka. Huangukia wapi? Pale penye joto kali kuliko pote, yaani juu ya koili. Kinachofuata ni matundu, ambako tone lililobaki baada ya kuoga hukauka na kuacha mzigo wake.

Je, wajua kwamba ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu za kalsiamu kabonati katika lita moja? Kwa kipimo kinachotumika sana, chini ya 60 ni maji laini, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Sasa piga hesabu: maji ya miligramu 300, familia ya watu watano, kila mmoja lita 30 kwa siku. Kwa mwaka, zaidi ya kilo 16 za jiwe hupita ndani ya shawa hiyo. Nyingi huteremka na maji kwenye shimo la bafu. Hizo chache zinazokataa kuteremka ndizo zinazokuletea fundi.

Je, wajua kwamba kunywa maji magumu si tatizo? Shirika la Afya Duniani halijaweka kiwango cha juu cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Kinachoumia ni vyombo.

Je, wajua kwamba shawa nyingi za umeme hazina cha kupima joto la maji unayooga? Koili hutoa moto uleule. Kinachobadilika ni wingi wa maji yanayopita. Shawa ya wati 5,000 ikipitisha lita 4 kwa dakika huyaongezea maji nyuzijoto 18 hivi. Matundu yakiziba zikabaki lita 2, nyongeza hufika 36. Maji yaliyoingia na nyuzijoto 26 hutoka na 62, na hayo ni ya kubabua ngozi.

Na je, umeuona mtego? Joto huleta ukoko, ukoko hupunguza maji, maji machache huongeza joto, na joto likiongezeka ukoko huja kwa kasi zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye shawa, ukuta hujijenga wenyewe.

Je, wajua kwamba ukoko hauli umeme wako kama wengi wanavyodhani? Koili ya wati 5,000 huvuta wati 5,000, iwe safi au imevaa koti la chokaa. Anayelipa ni koili yenyewe. Pale waya wa koili unapokuwa umefunikwa kwa shaba, shaba hiyo hupitisha joto zaidi ya mara 100 kuliko jiwe la chokaa, hivyo joto hukosa pa kutokea, waya wa ndani huchemka kupita kiasi na mwishowe hukatika. Bili hupanda pale tu unapokaa bafuni muda mrefu ukisubiri vijito vitatu vikuondolee povu.

Je, wajua kwa nini shawa huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, wakati maji yanatoka? Ndani yake mna raba nyembamba inayosukumwa na nguvu ya maji ndipo swichi ishike. Nguvu ikipungua, raba hurudi na umeme hukatika. Kabla hujanunua shawa mpya, tazama chujio dogo lililopo pale bomba linapoingilia. Vipande vya ukoko na mchanga hukusanyika humo, na kukisafisha hakugharimu chochote.

Je, wajua tofauti ya maji magumu na maji ya chumvi? Magumu huua shawa. Ya chumvi yanaweza kuua muogaji. Chumvi hufanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na katika shawa yenye koili iliyo wazi, maji hugusa waya wenye moto. Ndiyo sababu madukani kuna shawa za maji ya kawaida na za maji ya chumvi, ambazo koili yake imefunikwa. Visima vya karibu na bahari huweza kuwa na balaa zote mbili, kwa kuwa maji ya bahari, mbali na chumvi, yana kalsiamu na magnesiamu nyingi. Mvuvi aliyejaribu kuogea sabuni baharini anajua jinsi povu lilivyomgomea.

Je, wajua kwamba ukihisi umeme unakutekenya ukigusa bomba, hilo si jambo la kuzoea? Zima swichi kubwa na uite fundi umeme aangalie waya wa ethi. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 23, wakati soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13. Shawa hutaka waya wake mnene, breka yake, ethi ya kweli, na kifaa cha kukata umeme unapovuja.

Je, wajua kwamba dawa ya ukoko iko jikoni? Tia yai bichi na ganda lake ndani ya glasi ya siki. Vipovu vitalivaa yai zima. Kesho yake ganda limekwisha na yai limebaki na ngozi laini inayobonyea. Vipovu hivyo ni ile gesi iliyolileta jiwe tangu mwanzo, sasa inafungua mlango na kuondoka.

Basi fanya hivi. Zima umeme kwenye swichi kubwa, si kwenye kamba ya bafuni tu. Fungua uso wa shawa, ule wenye matundu, uuloweke kwenye bakuli la siki vuguvugu kwa saa moja au mbili. Vipovu vikikoma na ukoko bado upo, siki imechoka: kwa hesabu ya kemia, lita moja yenye asidi ya asilimia 5 haiwezi kuyeyusha zaidi ya gramu 42 hivi za chokaa. Mwaga, tia nyingine. Sugua kwa mswaki wa zamani. Usichokoe kwa msumari, maana tundu lililopanuka halirudi. Zile chuchu laini za raba zilizopo kwenye shawa za siku hizi hazihitaji hata siki. Zifikiche kwa kidole gumba, ukoko utapukutika.

Je, wajua kosa linalochoma koili ya shawa iliyotoka tu kusafishwa? Ni kuwasha umeme kabla ya maji. Ukishaifunga, acha maji baridi yatiririke hadi hewa yote itoke na kijito kitulie, ndipo urudishe swichi. Koili inayowaka bila maji hudumu sekunde chache tu.

Je, wajua kwamba asidi ya betri hulinda ukoko badala ya kuuondoa? Ikikutana na chokaa hutengeneza jasi, ambayo haiyeyuki kirahisi, nayo hulifunika jiwe lililobaki chini. Ongezea kwamba huunguza ngozi na macho. Asidi kali ya kusafishia choo nayo hula chuma na kung'oa rangi ya fedha ya shawa.

Na je, wajua kwamba siki ikichanganyika na jiki hutoa gesi ya klorini, yenye sumu, ndani ya kichumba chenye dirisha dogo? Siku ya siki iwe ya siki. Jiki ingoje siku yake.

Je, wajua kwamba siki haijui kutofautisha ukoko na sakafu? Marumaru ni kalsiamu kabonati, na chembe nyeupe za terazo mara nyingi ni marumaru. Lowekea kwenye bakuli, usimwagie ukutani wala chini.

Kinga ni nini? Punguza moto: ukiweka swichi ya nusu badala ya kamili, jiwe huanguka kidogo zaidi. Kung'uta na kupangusa uso wa shawa baada ya kuoga humnyima mjenzi matofali. Maji ya mvua kwenye simtanki ni laini, kwa sababu hayajawahi kukutana na mwamba. Wenye uwezo hufunga mtambo wa kulainisha, unaobadilisha kalsiamu kwa sodiamu na ambao chakula chake ni chumvi ya kawaida.

Je, wajua kwamba bibi aliyetia magadi kwenye maharage alikuwa analainisha maji? Kalsiamu hukaza ganda la maharage yasiive. Magadi huiangusha chini. Kwenye sabuni ya mche, kalsiamu hiyohiyo hufanya utando wa kijivu unaoganda kwenye beseni.

Je, wajua kwamba Mswahili aliyehamia London hukuta ukoko uleule kwenye birika lake, kwa sababu maji ya huko hupita kwenye vilima vya chaki? Jamaa yake wa Glasgow hana habari hiyo: tangu 1859 mji huo hunywa maji laini ya ziwa Loch Katrine. Na aliyeko Muscat au Dubai huoga maji ya bahari yaliyoondolewa kila kitu, kisha yakarudishiwa kalsiamu kidogo kwa makusudi, maana maji yasiyo na madini hula mabomba.

La mwisho: je, wajua kwamba kuna makanisa Ujerumani yenye nguzo za ukoko? Warumi walijenga mfereji wa karibu kilomita 95 kupeleka maji magumu ya milima ya Eifel hadi Köln. Mfereji ulipokufa, uliacha kuta za ndani zenye chokaa ya unene wa hadi sentimita 30. Karne nyingi baadaye mafundi waliichimba, wakaing'arisha na kuiuza kama marumaru. Ukoko wa shawa yako hautafika huko, hautoshi hata kokoto. Uloweke Jumamosi hii, swichi kubwa ikiwa imezimwa.