Herufi ni ya nani? Arial, Helvetica na TFC yako

Promoteri anasema «Arial, 12», na sisi tunaandika. Hakuna anayeuliza hiyo Arial ilitoka wapi.

Helvetica njo ilitangulia. Max Miedinger aliichora Uswisi mwaka 1957. Mwaka 1985 mashini ya kuchapisha LaserWriter ya Apple ilitoka na Helvetica ndani, kupitia PostScript ya Adobe. Tangu hapo, mutu aliyetaka kurasa zake zitoke sawa na za wengine aliihitaji, na Helvetica ni ya kulipia. Arial ya Monotype, iliyochorwa 1982, ina umbo tofauti kidogo (angalia mguu wa R, ama kichwa cha t kilichokatwa mshazari), lakini upana wa kila herufi ni uleule. Ukizibadilisha, mistari haisogei. Microsoft iliiweka ndani ya Windows 3.1 mwaka 1992, njo maana leo iko kila mahali.

Ni wizi? Wachoraji wengi wanaona ni wizi. Sheria ya Marekani inasema hapana: haki ya mwandishi hailindi umbo la herufi, inalinda programu, ni kusema lile faili lenyewe. Mahakama iliikubali hiyo 1998, kesi ya Adobe na Southern Software. Kuchora upya, sawa. Kukopi faili, hapana. Kule Vienna, 1973, mataifa yaliandika mkataba wa kulinda hata umbo. Ulihitaji nchi tano. Ufaransa na Ujerumani tu ndizo zilizouthibitisha, basi ukalala mpaka leo.

Na ISO? ISO haihukumu mwizi. Inapanga faili la fonti liwe namna gani, na humo kuna alama ndogo inayosema kama mwenyewe anaruhusu fonti iingizwe ndani ya PDF. Sasa PDF/A, ile ya kuhifadhi kazi miaka mingi, inadai fonti zote ziwe ndani. Fonti ya kuibia kwenye flash inaweza kukataa, na TFC yako inatoka na kurasa zimehama siku ya kuiweka.

Liberation Sans ni ya bure, Red Hat iliitoa 2007, na upana wake ni sawa na wa Arial. Liberation Serif inashika nafasi ya Times New Roman. Promoteri hataona tofauti, labda kama anachunguza mguu wa R.