Teke la Bunduki na Mwendo wa Risasi

Risasi inaporuka mbele, bunduki husukumwa nyuma na kupiga bega: hilo ndilo teke. Risasi ya .375 H&H, iliyotolewa Uingereza mwaka 1912, hurusha kichwa cha gramu 19; teke lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la 7x57 Mauser, yenye kichwa cha gramu 11. Hata hivyo W. D. M. Bell, mwindaji wa Karamoja, aliua mamia ya tembo kwa risasi hiyo ndogo ya 7x57, akilenga ubongo. Anayeogopa teke hufumba macho, hukosa. Kwa mbali, kichwa chembamba kirefu hutunza kasi kuliko kipana. Nyanda za Upemba, mashariki ya mji wa Kamina nchini Kongo, zina nafasi ya kupiga mbali hivyo, lakini humo kuwinda ni marufuku: ni hifadhi tangu 1939.