Brashi haichukui nafasi ya dawa

Ukimuuguza mtoto kwa muda mrefu, nawe waweza kuugua: usingizi hupotea, presha hupanda. Pamoja na matibabu, nakushauri jambo dogo. Kila siku chora picha moja ya ukubwa wa kiganja, kwa rangi za maji za wanafunzi, si zile za ukutani. Hapa Sumbawanga huendi mbali: ua la alizeti shambani, au milima ya Mbizi asubuhi ukungu ukipanda.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapima watu wazima 39 kabla na baada ya dakika 45 za kuchora na kufinyanga. Kwa takriban robo tatu yao, kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka, hata kwa wasiojua kuchora. Ni utafiti mdogo, lakini kujaribu hakudhuru.

Ila mgonjwa wangu mmoja alipoona nafuu aliacha vidonge vya presha. Alirudi na 190 kwa 110. Chora, na dawa umeze. Huzuni ikipita wiki mbili, njoo kliniki. Ukiwaza kujiua, njoo leo leo.