Lugha si Hati ya Ardhi: Ubeberu wa Urusi Ukitazamwa kutoka Migori na Homa Bay

Neno "ubeberu" limetokana na beberu, mbuzi dume atumiaye ubavu wake kuwatawala wenzake zizini. Katika uwanja wa siasa, neno hili hurejelea hali ya dola yenye nguvu kuitiisha nchi nyingine, ama kwa silaha ama kwa uchumi. Aghalabu wasomi wa Afrika Mashariki hulihusisha na Uingereza na Ujerumani. Hata hivyo, vita vya Urusi nchini Ukraine vimedhihirisha kwamba ubeberu hauna bara wala rangi. Makala haya yananuia kufafanua hoja ambazo Urusi huzitumia kuwashinikiza majirani wake, na kuzipima katika ardhi na maji ya kaunti za Migori na Homa Bay.

Hoja hizo ni mbili. Ya kwanza ni historia. Katika makala yake ya Julai 2021, Rais Vladimir Putin alishikilia kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Ya pili ni lugha: kwamba Urusi ina wajibu wa kuwalinda wanaozungumza Kirusi popote walipo. Hoja za namna hii ziliandamana na kutwaliwa kwa rasi ya Crimea mwaka wa 2014. Tarehe 21 Februari 2022 Urusi ilizitambua Donetsk na Luhansk kuwa nchi huru, na siku tatu baadaye majeshi yake yakaivamia Ukraine.

Usiku huo wa tarehe 21, Balozi Martin Kimani wa Kenya aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa ng'ambo, bila kuyajali mataifa ya kale iliyoyatenganisha. Lau Waafrika wangetaka nchi za kabila moja au dini moja, alieleza, wangali wakipigana hadi leo. Waliamua kuikubali mipaka waliyoirithi na kutafuta umoja juu yake. Uamuzi huo uliidhinishwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo mwaka wa 1964.

Tuanze na hoja ya historia. Hadi mwaka wa 1902, maeneo ambayo leo ni Migori na Homa Bay yalikuwa sehemu ya Himaya ya Uganda. Ndipo Waingereza wakauhamisha Mkoa wa Mashariki wa himaya hiyo na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka wa 1976, Idi Amin aliifufua historia hiyo, akadai magharibi ya Kenya hadi karibu na Nairobi. Kenya ilipinga vikali, na Amin akaliacha dai lake. Iwapo ramani ya zamani ingetosha kuwa hati, wakazi wa Homa Bay wangekuwa raia wa nchi nyingine bila kuulizwa.

Hoja ya lugha nayo haisimami. Wasuba wa Rusinga na Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, wana asili ya upande wa Uganda, na wengi wao sasa huzungumza Kijaluo. Kijaluo hichohicho husikika ng'ambo ya mpaka wa Migori, wilayani Rorya nchini Tanzania. Je, Kenya ipeleke jeshi Rorya kuwalinda wasemaji wake?

Haimaanishi kwamba mipaka ya kurithi haina machungu. Kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo usiofikia nusu ya uwanja wa kandanda, kimo upande wa Kenya kwa mujibu wa mstari uliowekwa na Waingereza mwaka wa 1926. Hata hivyo, maafisa wa usalama wa Uganda walipiga kambi huko na kuwatoza ada wavuvi wa mbuta, samaki ambaye Watanzania humwita sangara. Mwaka wa 2009 Rais Yoweri Museveni alikiri kwamba kisiwa ni cha Kenya, ila akashikilia kuwa maji yanayovuliwa ni ya Uganda. Mvuvi aliyenyang'anywa nyavu haoni faraja katika hotuba za mabalozi. Waama, Migingo si Ukraine: mzozo ule umepelekwa kwa wapima ardhi na wajumbe, si kwa vifaru.

Tarehe 2 Machi 2022, nchi 141 katika Baraza Kuu ziliitaka Urusi iondoke Ukraine. Kenya ilikuwa miongoni mwao. Uganda na Tanzania hazikuelemea upande wowote. Majirani hawa watatu hawakupiga kura pamoja, ilhali wote wangepata hasara iwapo kanuni ya "mwenye nguvu mpishe" ingekuwa sheria ya dunia.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Kiswahili kimevuka mipaka ya nchi nyingi, na kwa sehemu kilisukumwa na watawala wa kikoloni na majeshi yao. Lakini leo hakuna nchi inayodai shamba la jirani kwa sababu jirani huyo husema Kiswahili. Lugha huwapa majirani njia ya kuzungumzia mpaka. Haimpi yeyote haki ya kuusogeza.